Aliyefika Busi Kabla Yangu

Wazo la kusafiri bila wakala lilikuwa la rafiki yangu. Nalisema hilo mapema kwa sababu mambo yalipokuja kuharibika alizungumza kana kwamba mipango yote ilikuwa yangu peke yangu.

Siku moja tulitoka kazini mapema, wizarani kule Mtumba, tukaingia kwenye ofisi moja ya safari katikati ya mji wa Dodoma. Kijana aliyetupokea alitandaza karatasi zake za rangi mezani: fukwe za Zanzibar, simba wa Serengeti, mahema meupe yenye vitanda vya kifahari. Nikamwambia mimi nataka kwenda Kondoa, nione michoro ya kale kule Kolo, kisha nifike Busi.

"Busi kuna nini, dada?" akauliza.

"Kuna kwa mama yangu."

"Sasa nyumbani si unapanda tu basi?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilijisikia mjinga, nikaanza kukusanya mkoba wangu. Rafiki yangu akacheka, akanishika mkono, tukatoka. Tulipofika kivulini ng'ambo ya barabara akasema, "Tujipangie wenyewe. Simu tunazo, mdomo tunao. Huyu atatuuzia kwenu kwa bei ya wazungu."

Tulikuwa tukifanya kazi masjala, meza zetu zinatazamana. Tulihamishwa pamoja serikali ilipohamia Dodoma, tukapanga vyumba nyumba moja Ipagala mpaka kila mmoja alipopata kwake. Alijua ninachokula na nisichokula. Nikiumwa, yeye ndiye aliyejua kadi yangu ya bima naiweka wapi. Mimi sina dada, na kwa miaka mingi sikuona kama nimepungukiwa.

Mama yangu alikuwa Mrangi wa Busi, mtoto wa nyumba ya Kiislamu. Akapendana na baba, Mgogo wa Buigiri, Mkristo, akaolewa huku. Kwao hawakumsamehe. Kwa nini hasa, na nani alisema nini, hatukuwahi kujua, maana mama alikuwa akiulizwa kuhusu Busi anainuka kwenda kutazama moto jikoni hata kama jikoni hakuna moto. Alifariki bila kurudi. Baada ya kumzika ndipo nilipoanza kuota mahali ambapo sijawahi kupaona.

Basi tukaanza kupanga. Saa ya chakula cha mchana tulikuwa tukijifungia ndani ya masjala, yeye na sahani yake ya wali, mimi na simu. Nilikuwa naweka spika ili wote tusikie. Tulimpigia mama mmoja mwenye gesti pale Kondoa, ambaye kabla ya kutaja habari za vyumba alitaka kwanza kujua kama tunakula mboga ya mlenda. Tuliuliza mabasi yanayokwenda Babati yanapita Kolo saa ngapi, na nani anatembeza wageni kwenye mapango. Kila tuliyempigia alitupa namba ya mwingine. Nilikuwa sijui kwamba nchi inaweza kufunguka hivyo, mtu mmoja akikukabidhi kwa mwenzake kama mtoto anayevushwa barabara.

Mama wa gesti ndiye aliyetupa namba ya dereva wa bodaboda anayeishi Busi. Tulimpigia kuuliza tu njia. Nikamtajia jina la ukoo wa mama, nikamwuliza kama amewahi kulisikia.

"Mbona hao ni majirani zangu?" akasema. "Yupo bibi mmoja hapo. Subiri."

Tukasikia pikipiki inazimwa, kuku wanakimbia, mtu anabisha hodi. Kisha sauti ya mwanamke mzee, kavu, karibu sana na simu.

"Nani wewe?"

Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Halafu akasema, "Mimi ni mama yako mdogo. Yuko wapi dada yangu?"

Rafiki yangu ndiye aliyesogea kwenye simu, akasema kwa upole, "Shikamoo mama. Dada yako alitangulia mbele ya haki. Lakini mtoto wake anakuja kukuona." Nilimshukuru siku ile. Nililia begani kwake mpaka blauzi yake ikalowa, naye akawa ananipigapiga mgongoni huku akimfukuza kwa ishara mtu aliyetaka kuingia kuchukua faili.

Nilimtumia rafiki yangu picha ya mama ili aiweke kwenye simu yake pia. Nilitaka mtu mwingine awe nayo kama yangu itapotea.

Tulipanga twende Bunge la bajeti likiisha, kazi zikipungua. Wiki moja kabla ya kuondoka akaja mezani kwangu amekunja uso. Mkuu wetu, akasema, hataki wote wawili tuondoke kwa pamoja. Mmoja lazima abaki na masjala.

"Basi tuahirishe," nikasema. "Tulianza wote, twende wote."

"Nilijua utasema hivyo," akajibu. "Mimi likizo yangu imeshapitishwa, nitaitumia kwenda Singida kumwona mama. Miguu inamsumbua. Na usihangaike na simu, nitawapigia wote mimi, gesti, dereva, bibi. Wewe una kazi nyingi."

Alikwenda. Nilifanya kazi yake na yangu. Nilimwuliza kwa ujumbe miguu ya mama inaendeleaje, akajibu, "Afadhali kidogo, tuzidi kumwombea." Nikamwombea.

Wiki kadhaa baadaye nilimpigia dereva wa Busi kumwuliza bibi anaendeleaje. Akaniambia, "Anakusalimu. Anashukuru sana, kila siku anakutaja." Nikadhani anashukuru kwa kutafutwa. Nikafurahi siku nzima.

Likizo yangu ilipopatikana, rafiki yangu alisema yeye safari hii hawezi, amebanwa. Akaniambia pia nisiende peke yangu, barabara za huko mbaya, nisubiri tena. Lakini nilishasubiri vya kutosha. Nilipiga simu mwenyewe, nikashika nafasi kwenye basi, nikamwambia mama wa gesti nakuja. Dereva sikumtangulizia habari. Nilitaka kumshtukiza mama mdogo.

Kondoa nilifika mchana. Mama wa gesti alinipokea mlangoni, mnene, mchangamfu, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani.

"Karibu tena," akasema, kisha akanitazama. "Aa, samahani. Wewe si yule."

"Yupi?"

"Yule dada wa Mtumba aliyekuwa akinipigia simu. Walikuja na wenzake wawili, na gari lao. Walilala hapa, wakaenda Kolo, wakaenda na Busi kwa mama yake."

Nikamwambia mimi ndiye dada wa Mtumba. Akacheka, akadhani nafanya mzaha. Nilipoona hacheki tena nikajua uso wangu umebadilika. Nikamwambia pengine amechanganya watu, wageni ni wengi. Akakubali haraka, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. Chakula alichoniletea kilikuwa kizuri, na sikumbuki kilikuwa nini.

Hata hapo sikuamini. Nilijilaza kitandani nikiwatafutia watu wengine kosa hilo. Pengine kuna mwanamke mwingine wa Mtumba, mwenye mama wa Busi. Wafanyakazi wako wengi.

Kesho yake nilimpigia dereva, akaja kunichukua mahali lami inapoishia kwa upande wa kwao, akanitazama usoni mara mbili kabla ya kuniambia nipande. Tulipanda vilima, tukapita mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa. Kwenye uwanja wa nyumba moja ya matofali ya kuchoma alizima pikipiki. Mwanamke mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta uwele. Alikuwa na paji la uso la mama. Niliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Mgeni wa wapi?"

"Dodoma. Mimi ni mtoto wa dada yako."

Aliendelea kupepeta. "Mtoto wa dada yangu alishakuja," akasema.

"Hapana, mama. Ni mimi."

"Alishakuja. Alikaa pale ulipo. Tulimchinjia kuku, akala, tukalia wote, akaondoka jua linazama." Akamgeukia dereva. "Huyu umemtoa wapi?"

Nilitoa simu nikamwonyesha picha ya mama. Aliitazama kidogo tu.

"Hiyo nimeshaonyeshwa."

Dereva alikuwa amesimama kichwa chini. Kisha akatoa simu yake, akatafuta, akaniletea. Alikuwa amewapiga picha siku ile. Mama mdogo katikati, majirani pembeni, wanawake wawili nisiowajua wamevaa miwani ya jua. Na rafiki yangu, amefungwa kanga mpya kichwani kama anavyofungwa binti aliyerudi nyumbani, mkono wa mama mdogo umemzunguka shingo. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia kweli. Hilo ndilo lililoniuma kupita yote: alilia kweli, mahali pangu.

"Huyu nafanya naye kazi," nikasema. "Siyo ndugu."

Mama mdogo aliutua ungo mapajani. Alianza kuniuliza maswali, kwa sauti ile kavu ya kwenye simu. Baba yangu anaitwaje. Tulizaliwa wangapi. Nilijibu, lakini hata mimi niliona kwamba yule mwingine angeweza kuyajibu yote hayo, nilimsimulia mwenyewe.

"Mama yenu alikuwa akikasirika anasemaje?"

Hapo nilifikiri. Kulikuwa na neno. Mtoto akimwaga maziwa au akivunja kikombe, mama alikuwa akilitoa kwa Kirangi, fupi, kama anatema kokwa. Hakutuambia kamwe maana yake. Sikuwahi kumsimulia mtu yeyote, kwa kuwa sikuwahi kufikiri ni jambo la kusimulia. Nililitamka pale uwanjani, kwa lafudhi yangu mbovu ya Kigogo.

Dereva aligeuka pembeni akiziba mdomo. Mama mdogo aliuweka ungo chini.

"Hilo ni tusi la bibi yenu," akasema. "Usilirudie mbele ya watu."

Kisha akaanza kutetemeka midomo, nikajua ameniamini. Nilisogea, nikapiga magoti mbele yake, nikangoja anishike. Alinyoosha mkono akaugusa uso wangu kwa vidole vyenye pumba za uwele, akaurudisha.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeshamlilia dada yangu. Nilimlilia yule. Niliita majirani wote, wakaja wakalia. Sasa wewe nikulilie na nini?"

Nililala Busi usiku ule na nilipewa ugali wa uwele na mlenda, nikala vizuri, na watu wakawa wakarimu. Lakini majirani hawakuja. Ingekuwaje waje tena? Waambiwe nini? Mama mdogo alikuwa na aibu mbele yao, na aibu hiyo mimi ndiye niliyemletea, kwa kupiga simu nikiwa nimeweka spika.

Asubuhi aliniambia kwamba alimpa yule mwanamke kibuyu kidogo cha mafuta, cha mama, alichokiacha alipoondoka. Alikitunza miaka yote hiyo, hata wakati ambao jina la mama lilikuwa halitajwi pale nyumbani. Na alimweleza habari yote ya kuondoka kwa mama, mwanzo mpaka mwisho.

Jumatatu nilimkuta rafiki yangu mezani kwake akinywa chai.

"Nimetoka Busi," nikamwambia.

Aliweka kikombe chini. "Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Nilikuwa natafuta namna." Alizungumza chinichini, akitazama mlango. Wale wenzake wa wizara nyingine walikuwa na gari, wanataka kuona michoro, yeye akawaambia njia anaijua. Gari lilikuwa limejaa mizigo, nisingepata pa kukaa. Bibi alikuwa ameshaandaa kuku, haikuwa vizuri kumwangusha mtu mzima, akaona wapite tu wamsalimu kwa niaba yangu.

"Ulisema utawapigia uahirishe."

Alisukuma kikombe pembeni. "Kabla sijashuka vizuri kwenye gari alinikumbatia. Analia. Watu wote wanalia. Wewe ungesemaje?"

"Ningesema si mimi."

"Ni rahisi kusema ukiwa hapa."

"Ulikaa naye mpaka jua likazama. Hukupata nafasi ya kusema si wewe?"

"Alikuwa na furaha," akasema, na machozi yakamtoka. "Sijawahi kuona mtu anafurahi vile kwa sababu yangu. Na wewe, samahani, lakini wewe ulikuwa unapanga tu. Kila siku simu, kila siku mipango. Nilidhani hutafika huko maisha yako yote."

Mama alipofariki, mwanamke huyu alikaa jikoni kwetu Buigiri muda wote wa msiba, akisonga ugali wa waombolezaji kwenye masufuria ambayo hata wanaume wanayaogopa. Wifi zangu walimpenda kuliko mimi. Alijua alichokuwa akikichukua. Sikumtukana. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wetu kuomba nihamishwe meza, na katika mazungumzo nikamwuliza kwa nini alituzuia kuondoka pamoja. Akashangaa. "Mimi niliwaruhusu wote. Mwenzako ndiye aliyekuja kuniambia wewe umeghairi, una shughuli za nyumbani."

Kibuyu alikirudisha siku iliyofuata, ndani ya mfuko, akakiweka mezani kwangu. Alikuwa amekipaka vanishi. Kilikuwa kinang'aa kama vile vinavyouzwa kwa watalii. Kumbe alikiweka sebuleni kwake, kwenye kabati la vyombo, na vumbi lilikuwa likimsumbua. Nilikifungua nikakinusa ndani. Kilinuka vanishi.

Mama mdogo nimemzoea sasa, kidogo kidogo, kama watu wanaoanza kufahamiana wakiwa wakubwa. Nilimleta Buigiri mwaka uliofuata. Nilimshikia kiti cha mbele kwenye basi kwa sababu gari humtapisha, nikamfuata mwenyewe mpaka Kondoa. Kwenye kaburi la mama aliutazama msalaba, akakunjua viganja akaomba dua yake, na kaka yangu akavua kofia. Hakulia. Aliniuliza nani anang'oa majani hapo, nikamwambia ni sisi, akasema hatujui kung'oa, mizizi inabaki.

Jioni yake nilimwuliza kwa nini mama aliondoka. Nani alimfukuza, au kama alifukuzwa.

"Nilishasema," akajibu.

"Hukuniambia mimi, mama mdogo."

"Nilisema mara moja, na nilisema yote. Ilinichukua miaka kulisema. Nikilirudia sasa litakuwa hadithi ya kupigia soga." Akanipa kitu kingine badala yake: mama hakuweza kubeba maji kichwani bila kushika ndoo kwa mkono, wenzake wakawa wanamcheka njia nzima. Hunipa vitu kama hivyo. Ninavishukuru. Sijui kama iko siku atanipa kile kikubwa, na yeye si kijana.

Rafiki yangu wa zamani bado yuko wizarani, ghorofa nyingine. Nasikia siku za mapumziko huwapeleka wafanyakazi Kondoa kwa makundi. Watu wanasema anaijua njia yote, gesti nzuri, watembezaji wazuri, bei nafuu kuliko ofisi za mjini. Tukikutana tunasalimiana.

Siku moja nilimngoja kwenye ngazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa muda mrefu. Nikamwomba aniambie alichoambiwa Busi kuhusu mama yangu.

Uso wake ukalainika, ule uso wa zamani. Alisogea karibu, akanishika kiwiko. "Ilikuwa hivi," akaanza. "Mama yako alikuwa na kaka yake mkubwa, ambaye..."

Alisema "mama yako," lakini kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za kwao. Alijua aanzie wapi. Alijua mahali pa kuvuta pumzi. Nikamwambia aache. Akaacha, akabaki amenishika kiwiko mpaka watu wakaanza kushuka ngazi kwenda kula, tukawapisha.